Dakika Kumi na Nne hadi Mwanza

"Usinichezee, Masalu. Maharage niliyobandika ukiondoka hayajaiva, nawe unaniambia umeshamzika mama yako Mwanza na umerudi?"

"Nimemzika, Mama Zamaradi. Naomba nipite."

Mama Zamaradi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameziba korido na mwiko wake, na ghorofa nzima ya tisa imetega masikio nyuma ya mapazia. Juu ya paa Mshale ulipita, chombo cha abiria kisicho na mabawa kirukacho ukingoni mwa anga. Vioo vikatetemeka, kisha kimya.

"Ni kilomita mia nane na hamsini," Masalu akasema, sauti imemwishia. "Dakika kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi."

"Umbali sijakuuliza. Nimekuuliza nani analala matanga."

Zamani kazini kwa kina Masalu mfiwa wa Mwanza alipewa siku tano, mbili zikiishia kwenye basi. Mshale ulipoanza, Mpangasaa, mtambo unaogawa ruhusa, ukafuta siku za njiani. Baadaye ukafuta na zilizobaki: kama mtu anaweza kurudi kwake, alale msibani kwa nini? Leo umempa ruhusa ya saa mbili. Na dakika zile kumi na nne alizipima yeye, mhandisi wa njia. Walimpigia makofi. Mama yake akapiga simu: sasa mwanangu utakuwa unakuja kula mchana. Kwa kuwa palikuwa karibu, Masalu akaahirisha kila wiki, mwaka mzima.

Udongo ulikuwa bado unatupwa kaburini bangili yake ya kazini ilipolia. Nyumbani kwa mama, dada yake Kabula alikuwa ametandika mikeka sita. Waombolezaji waliikanyaga wakikimbilia kituoni. Kabula akabaki nayo peke yake.

Pale koridoni bangili ikawaka tena: zamu, dakika arobaini. Akikosa, njia yake anapewa mwingine.

"Wataniondoa kazini," alisema taratibu.

"Huenda." Mama Zamaradi akashusha mwiko. "Kwani yale maharage unadhani ya nani? Sufuria la watu thelathini, mimi na Zamaradi tutalimaliza? Makochi nimeyatoa, mikeka iko chini. Mama yako simjui, ila wewe nakujua. Na huyo dada yako mpigie apande hicho kidude chenu aje. Au kinajua kuondoa watu tu?"

Masalu alitaka kucheka. Mara ya kwanza tangu asubuhi macho yakamjaa. Alivua viatu mlangoni, akavua na bangili, akaitumbukiza ndani ya kiatu cha kushoto. Ikaendelea kulia humo, kwa mbali.

"Umesema maharage hayajaiva," alisema.

"Hayajaiva. Kwa hiyo ingia ukae, baba. Yakiiva tutakula."