Kamba ya Kuzima Mashine ya Mpunga

Kila asubuhi Mwantum na mumewe Khaled walitoka nyumbani kwao Buyenzi, wakaenda kwenye mashamba ya mpunga nje ya Bujumbura, upande wa mto Rusizi. Khaled alilisha mashine ya kupura mpunga. Mwantum alipepeta na kujaza magunia. Mchana walikula pamoja ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na Khaled alimchekesha mkewe mpaka akapaliwa.

Mashine ile ilikuwa kuukuu. Mkanda wake mrefu ulizunguka wazi, bila kifuniko. Wote walizoea kuupita kwa tahadhari.

Siku moja Khaled aliinama kuokota mpunga ulioanguka. Mkanda ukashika shati lake. Ukavuta shati, kisha mkono.

"Zima! Zima injini!" Mwantum alipiga kelele.

Sylvère, mwenzao aliyesimamia injini, alikuwa mbali akifunga miganda. Alikimbia, lakini alipofika na kuizima, mkono wa Khaled ulikuwa umesagika. Damu iliruka.

"Tuweke udongo, itaganda!" Sylvère alisema. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaujaza kwenye kidonda. Damu ikaupita. Hawakujua la kufanya zaidi. Wakampakia Khaled kwenye baiskeli, Mwantum akimshikilia kwa nyuma.

Jua lilikuwa linachoma. "Mama Assia," Khaled alimwambia mkewe polepole, "mi nasikia baridi."

Alikata roho njiani.

Mwantum alipomaliza eda, alirudi shambani. Binti yake Assia alihitaji kula, na kazi nyingine hakupata. Sylvère alipomsalimu, Mwantum aligeuza uso.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mavuno mapya, lakini mashine haikuwashwa. Wafanyakazi waliketi chini.

"Hatuigusi mpaka itengenezwe," walimwambia mwenye shamba.

"Si ni mashine ile ile ya siku zote?" aliuliza kwa hasira.

"Ndiyo, patroni," alijibu Mwantum. "Ni ile ile iliyomuua bwana yangu."

Mwenye shamba aliinamisha kichwa. Kesho yake akamwita Idi, fundi wa Buyenzi, mdogo wake Khaled. Idi alichomelea kifuniko cha chuma juu ya mkanda. Kisha akafunga kamba nyekundu ndefu kwenye kizimio cha injini, akaipitisha pande zote za mashine.

"Mutu yeyote akivuta hii kamba, hata akiwa huku nyuma, mafuta inakatika na injini inasimama," aliwaeleza. "Na kifuniko musikitoe kama mashine inatembea. Zima kwanza."

Wiki hiyo alikuja pia Huguette, muuguzi wa kituo cha afya cha jirani. Alileta bendi pana ya kitambaa kigumu, yenye kijiti cha kuikazia. Akawapa namba yake ya simu.

"Mutu akikatika, musiweke udongo, wala majivu, wala petroli," alisema. "Kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, musiachie. Kama damu bado inaruka, fungeni bendi juu kidogo ya kidonda, upande wa moyo, na kuzungusha kijiti mpaka isimame. Kumbukeni saa mulipoifunga. Musiilegeze mpaka hospitali. Na munipigie simu ya video, nione. Mi naita ambulansi."

Wengine walipoondoka, Mwantum alibaki na Huguette.

"Muganga, tungejua hivi, Khaled angekuwa muzima?"

Huguette aliketi karibu naye. "Siwezi kukudanganya, Mama Assia. Mkono angeupoteza. Roho, labda angebaki nayo."

Mwantum alikwenda nyuma ya magunia, akalia.

Katika mavuno yaliyofuata, mkanda ulianza kuteleza. Sylvère alikuwa na haraka. Alifungua kifuniko bila kuzima injini, akaingiza mkono kuukaza.

Mwantum alisikia ukelele. Akavuta kamba kwa uzito wake wote. Injini ilikohoa, ikasimama. Mkanda ulikuwa umeshika vidole, lakini haukuwahi kuvuta mkono.

Sylvère alianguka. Vidole viwili vilining'inia, na damu iliruka kutoka kiganjani. Mwantum alimtazama. Kwa kitambo aliona ile mikono miwili iliyojaa udongo, na hakusogea.

"Mama Assia," Sylvère alinong'ona, "usiniache."

Mwantum akapiga magoti. Alivua kitambaa safi cha kichwani, akakandamiza kidonda. Mwenzao Nella alipiga simu na kuielekeza kwenye mkono.

"Nimeona," ilisema sauti ya Huguette. "Kandamiza zaidi. Bado inaruka?"

"Bado!"

"Funga bendi, chini ya kiwiko. Zungusha kijiti. Tena. Tena!"

Mwantum alizungusha, damu ikapungua, ikasimama. Nella alitaja saa kwa sauti. Wakambeba Sylvère, na ambulansi ikawakuta barabarani.

Hospitali walimshona Sylvère na kumchoma sindano ya pepopunda. Vidole viwili vilikatwa. Yeye aliishi.

Sasa Sylvère hawezi tena kufunga miganda. Kazi yake ni kukagua kifuniko na kamba kila asubuhi, kabla injini haijawashwa. Wafanyakazi wapya wakifika, anainua mkono wake wenye vidole vitatu, na hakuna anayehitaji maneno mengi. Mwantum anamjibu salamu siku hizi. Kucheka naye, bado.

Tangu hapo shamba lile halijamzika mtu.

Msimu huu Mwantum alimfundisha msichana mgeni, Chanelle. Alimfunga bendi mkononi na kuzungusha kijiti.

"Inauma, mama!" Chanelle alilia.

"Lazima iume," alisema Mwantum, akimshika mkono. "Ukisikia inauma, ujue bado uko muzima."