Nyimbo Sita Kabla ya Jumatatu

Lubasha hakuwa na umeme wa nguzo. Hakuwa na simu janja. Hakuwa na studio, wala mtu wa kumwuliza maswali yake, nayo yalikuwa mengi. Alichokuwa nacho pale Mandawa ni ng'ombe, sola, maiki ya kuchomeka na laptopu kuukuu aliyoipata mnadani.

Tena siku zilikuwa chache. Jumatatu mama yake, Bertha, angepasuliwa koo, na daktari alisema huenda sauti isirudi ilivyokuwa. Bertha peke yake alizijua nyimbo sita za marehemu mama yake. Mdogo wake Lydia, aliyebaki kwao Magu, mkoani Mwanza, alizitaka awafundishe binti zake.

Alhamisi Lubasha alijaribu kurekodi. Laptopu ikaganda mara tatu. Ijumaa asubuhi akapanda bodaboda hadi Nachingwea, kwa fundi Zuhra.

"Mfumo uliomo ni mzito," Zuhra alisema. "Tuweke mfumo mwingine, Linux. Ni ya bure."

"Ya bure ina kasoro gani?"

"Ninyi watu wa ng'ombe, hata zawadi mnaikagua meno."

"Ndiyo maana ng'ombe wetu wanaishi, fundi."

Zuhra akacheka. Akaeleza kwamba Linux zipo za aina nyingi. Nyingine zimejaa zana za studio, lakini zinataka mashine yenye nguvu.

"Hii yako ina kumbukumbu ya giga nne tu. Inahitaji Linux nyepesi. Aina ya Debian, yenye sura nyepesi iitwayo Xfce, itatosha, kisha tuongeze Audacity ya kurekodia."

"Kumbe ni kama kuchagua dume la kulima," Lubasha alisema. "Unaangalia shamba kwanza."

"Umenena. Lakini usifute kitu kabla ya kujaribu."

Zuhra akaiwasha Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Wakarekodi. Sauti ikasikika kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Maiki yangu imekufa?"

"Iguse kwa ukucha. Ule mstari wa sauti kwenye skrini umecheza?"

"Haukucheza."

"Sasa gusa karibu na kioo cha laptopu."

Mstari ukaruka. Kompyuta ilikuwa inasikiliza maiki yake ya ndani. Zuhra akamwonyesha mahali pa kuchagua maiki ya kuchomeka, akamwachia achague mwenyewe. Mambo yakawa sawa, wakaisimika Linux kwenye diski.

Jumamosi Bertha akaketi mbele ya maiki, akaimba kwa nguvu zote. Mstari ukagonga juu, sauti ikapasuka.

"Mayu, mbona unapiga kelele?" Lubasha alimwuliza mama yake.

"Magu ni karibu?"

"Maiki ndiyo iko karibu. Imba kama unambembeleza mtoto."

Bertha akaanza upya, taratibu. Lakini waliposikiliza, wimbo ulikuwa na mikatiko: ta, ta, ta. Bertha akashika koo lake.

"Nikiimba mara nyingi nitachoka," alinong'ona.

Lubasha akampumzisha. Kwa simu yake ya tochi akampigia Zuhra.

"Fungua mipangilio ya Audacity, upande wa sauti," Zuhra alisema. "Tafuta neno bafa. Hapo sauti inasubiri kidogo kabla ya kuandikwa. Nafasi ikiwa ndogo, kompyuta ikichelewa tu, kipande kinapotea."

Lubasha akafikiri. "Kama birika la kunyweshea. Likiwa dogo, ng'ombe wakichelewa kidogo kunywa, maji yanafurika na kupotea."

"Basi ongeza birika."

"Na hasara yake?"

"Ukijisikiliza wakati unaimba, sauti inachelewa. Ninyi mnarekodi tu, haiwadhuru. Funga programu nyingine zote, zima na waifai."

Lubasha akaongeza bafa mara mbili. Akajaribu kwanza kwa sauti yake mwenyewe, ili asimchoshe mama. Mikatiko ikaisha. Ndipo akamwita Bertha. Nyimbo sita zikaingia, safi, na pumzi zake zote. Lubasha akazinakili kwenye flashi mbili.

Bertha akasikiliza ameinamisha kichwa. "Huyu ni mama anaimba," alisema.

Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda hospitali, walipita stendi ya Ruangwa. Lubasha akaandika barua: "Mama mdogo Lydia, flashi hii ina nyimbo zote sita. Mayu anasema wa tatu uimbwe polepole." Bertha akaitia flashi moja ndani ya bahasha pamoja na barua. Akaipaka gundi, akaikandamiza kwa kiganja, akaikabidhi kwa karani wa basi la kwenda Mwanza.