Picha ya Kikapu cha Bibi Dominika

Jumamosi zangu zilikuwa na ratiba isiyobadilika. Asubuhi na mapema nilikata majani ya ng'ombe pembezoni mwa kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba yetu kule kijijini Mamba. Nikishakunywa uji, mimi na mama tulishuka Moshi mjini na ndizi za kuuza. Mama alikwenda sokoni, nami nilikwenda mtaa wa Pasua kwa Mjomba Sirili, mdogo wake mama, aliyekuwa na kafe ya intaneti yenye kompyuta nne na feni moja yenye kelele nyingi na upepo kidogo.

Usidhani nilikwenda kucheza. Mwaka ule wa 2007 nilikuwa darasa la sita, na tayari nilijiona mfanyabiashara wa kimataifa. Mama yangu, Tabitha, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na mmoja waliosuka vikapu kwa nyuzi za mgomba. Mjomba aliwafungulia ukurasa kwenye soko la mtandaoni, ambako mtu wa Ulaya huchagua kikapu akiwa amekaa sebuleni kwake. Kazi ya kuweka picha na maelezo nikapewa mimi, Aikande, kwa sababu mjomba alikuwa na wateja wa kuhudumia, nami nilijifanya najua kila kitu.

Miezi mitatu ikapita bila kuuza hata kikapu kimoja. Vilirundikana nyumbani kwetu mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Akina mama wakaanza kunung'unika, na wawili wakasema afadhali warudi kuuza nyanya sokoni Himo. Mama hakulala vizuri siku hizo. Aliniambia wazi kwamba Pasaka ikifika bila mteja, kikundi kitavunjika.

Kisha, Jumamosi moja, tukakuta barua pepe kutoka kwa wenye soko. Mjomba alinitafsiria. Wateja wawili walikuwa wamelalamika kwamba kila wakifungua ukurasa wetu wanapewa onyo kuwa una vitu visivyo salama. Tulipewa siku kumi na nne kurekebisha, la sivyo ukurasa wetu ungefungwa.

Onyo lile tulilifahamu sana, jamani. Kila nilipofungua ukurasa wetu, kijisanduku kilitokea katikati ya kioo na kuuliza kama nataka kuonyeshwa vitu visivyo salama. Lakini kwa mjomba watu hulipia nusu saa, na dakika hazimsubiri mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha: kijisanduku kikitokea, bonyeza Ndiyo, songa mbele. Pasua nzima ilibonyeza Ndiyo bila kusoma. Nami nilikuwa bingwa wao.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, nikabonyeza Hapana. Picha ya kikapu ikapotea. Mahali pake pakabaki mraba mtupu wenye alama ndogo nyekundu ya X. Nikamtazama mjomba, naye akanitazama. Wateja wetu walikuwa nyumbani kwao, hawana haraka, wanasoma kila neno, na kama watu wenye akili walibonyeza Hapana. Kwa miezi mitatu tulikuwa tunawaonyesha mraba mtupu.

Mjomba akavuta kiti. Alinionyesha alama ya kufuli chini ya kioo, inayoonyesha kwamba ukurasa wa soko umefungwa salama. Kisha akafungua anwani ya ile picha peke yake. Kufuli halikuwepo.

"Picha hii haiko sokoni," alisema. "Inachotwa kila mara kutoka tovuti nyingine isiyo na ulinzi. Ni kama maziwa. Ndoo yako umeifunga vizuri, halafu njiani unaongeza kikombe kutoka kwenye chupa usiyoijua. Kwenye kituo cha maziwa wakikataa ndoo nzima, utawalaumu? Hii tovuti ni ya nani, Aikande?"

Nilijua ni ya nani, na haikuwa yetu.

Ukweli ni huu. Kupakia picha yetu sokoni kulichukua dakika ishirini, na mara nyingi mtandao ulikatika kabla haijamaliza. Isitoshe, picha niliyopiga jikoni kwetu kwa kamera ya kuazima ilikuwa na giza tupu. Kwenye tovuti ya watu wa nchi nyingine nikaona kikapu kinachofanana na chetu kama pacha. Nikanakili anwani ya picha yake, nikaibandika, kazi ikaisha kwa dakika moja. Mama alipoiona akauliza hicho ni cha nani. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni cha Bibi Dominika.

Bibi Dominika ndiye aliyewafundisha wenzake wote kusuka. Tangu siku ile kila alipopeleka maziwa kituoni aliwaambia watu kwamba kikapu chake kinatazamwa na dunia nzima. Vijana wakambandika jina la Bibi wa Ulaya, naye akalipenda.

Sifichi: nilifikiria kutafuta picha nyingine ya watu, kwenye tovuti yenye kufuli. Onyo lingeondoka. Lakini mteja angeagiza kikapu kile na kupokea kingine, na hapo tungeitwa matapeli. Nikamweleza mjomba yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwenye kompyuta nitakusaidia. Kwa Bibi Dominika utakwenda mwenyewe."

Kesho yake, baada ya ibada, nilimkuta uani kwake akisuka. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza nikiwa nimesimama, machozi yakinitoka. Mikono yake ikasimama. Aibu niliyoipata sitaki kuipata tena.

"Kwa hiyo kikapu changu hakijafika popote," alisema.

"Hakijafika, bibi. Nisamehe."

"Basi kakipeleke."

Akaingia ndani akatoka na kikapu chake kizuri kuliko vyote, amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Akasema kikapu hakitapigwa picha peke yake, maana watu wakishadanganywa mara moja wanataka kumwona msukaji. Nikakimbilia ile kamera ya kuazima, nikampiga picha pale pale uani, kwenye mwanga, akicheka. Mama nilimwambia jioni. Aliniadhibu kwa kunipa zamu ya kukata majani wiki nzima, na kwa kweli nilistahili. Kisha akawaita akina mama wote, nao wakapigwa picha na vikapu vyao.

Jumamosi iliyofuata mjomba alifungua kafe saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtandao haujaelemewa. Alinifundisha kupunguza ukubwa wa picha ili ipakie haraka, tukazipeleka moja moja hadi kwenye ghala la soko lenyewe. Ya tano ilikatika katikati, nikaanza upya. Ilipofika saa tatu, picha zote kumi na moja zilikuwa zimeingia. Nikafungua ukurasa wetu kwenye kompyuta zote nne. Hakuna kijisanduku. Kufuli lipo, na Bibi Dominika anacheka kwenye vioo vinne. Niliruka mpaka kiti kikaanguka, na wateja walioingia wakanipigia makofi bila kujua sababu.

Siku tisa baadaye mwenye duka mmoja wa Ubelgiji aliagiza vikapu ishirini na vinne, akaomba sita visukwe na bibi wa kwenye picha. Mama aliisoma barua, kama mjomba alivyoitafsiri, mbele ya kikundi kizima, vigelegele vikapigwa, na Bibi Dominika akataka isomwe mara tatu. Kisha akanishika bega mbele ya watu wote.

"Huyu mtoto alinidanganya," alisema. "Halafu akaja mwenyewe kuniambia, na ndiyo maana leo tunafurahi naye. Njia ya mkato ilitukalisha bure miezi mitatu. Ukweli umetuchukua wiki mbili tu. Aikande, ukipewa onyo, lisome. Na kazi ya mikono yetu ikiwa nzuri, usiifiche nyuma ya kazi ya mtu mwingine."

Nikasema nimesikia, bibi. Akaniwekea mafungu mawili ya nyuzi mapajani.

"Sasa anza kusuka," akasema. "Mteja kaagiza vikapu, hakuagiza picha."