Kijiko cha Aslak

Kila siku akirudi kutoka shule, Tiril alifanya mambo matatu kwa mpangilio ule ule. Alivua mabuti yake mlangoni, akala vipande viwili vya mkate kwa jibini ya kahawia, kisha akachukua kapu na kwenda bandani kuleta kuni. Kujaza sanduku la kuni kando ya jiko kulikuwa kazi yake tangu alipotimiza miaka minane. Katika bonde lao la Valdres, jirani hupimwa kwa kuni zake: Zimepasuliwa sawasawa? Zimepangwa bila kuyumba? Zimekauka? Kuni za kwao Tiril zilikuwa zimekauka miaka miwili, na ukigonganisha mbili zililia kama kengele.

Oktoba hiyo aliongeza jambo la nne. Aliketi juu ya gogo bandani, akaegemeza kishikwambi kwenye rundo la kuni, akajaribu kuchonga kijiko. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na vijiko viwili vilikwisha kuvunjika.

Kijiko chenyewe kilikuwa cha Aslak, mtoto mchanga wa mama mdogo Gyda. Ukutani jikoni kwao kulikuwa na safu ya vijiko vya mti, kimoja kwa kila mtoto wa ukoo, vyote vimechongwa na babu. Babu alifariki majira ya baridi yaliyopita. Gyda alipouliza mezani, "Sasa nani atamchongea huyu wangu?" Tiril alikuwa wa kwanza kujibu, "Mimi." Ubatizo ulikuwa Jumapili. Leo ilikuwa Jumatatu.

Tiril hakuwa mvivu wa kutafuta. Alisoma tovuti za wachongaji wa kujifurahisha, akauliza maswali kwenye jukwaa lao, akalinganisha maduka sita ya zana. Wengi walimtaja mhunzi mmoja, Torgeir, anayefua visu peke yake huko Setesdal na kuviuza mtandaoni. Basi Tiril akatoa akiba yake yote ya siku ya kuzaliwa, akaagiza kisu kilichopinda kama ndoano, cha kuchimbia shimo la kijiko.

Kisu hicho sasa kilikuwa kikimtia wazimu. Kwenye video, fundi mwenye ndevu nyekundu alivuta kisu mara moja tu na maranda marefu yakajikunja kama utepe. Tiril alivuta mara kumi akapata vumbi. Kiganja kilikuwa na malengelenge mawili, na moja lilikuwa limepasuka.

Kaka yake Jostein, wa miaka kumi na minne, alichungulia mlangoni.

"Hiyo nini? Kijiko au kijiti cha kuchokonolea meno?"

"Toka hapa, Jostein!"

"Mwambie Aslak aote meno kwanza. Akiyaota, ndipo atakihitaji."

Tiril alimtupia kibanzi. Alirudi kwenye kazi, akasukuma, kisu kikateleza. Akasukuma tena, kikateleza tena. Machozi ya hasira yalimjaa. Akachukua nyundo, akaweka kisu juu ya mti, akakigonga mgongoni kwa nguvu zake zote. Kijiko cha tatu kilipasuka katikati, na makali ya kisu yakamong'onyoka, kama yametafunwa na panya.

Aliweka nyundo chini. Halafu akafungua ukurasa wa duka la Torgeir na kuandika: "Kisu butu tangu siku ya kwanza, tena kimemong'onyoka. Msinunue." Akatoa nyota moja. Habari ya nyundo hakuiandika.

Jibu lilikuja kabla hawajala chakula cha jioni. "Pole sana, mteja wangu," aliandika Torgeir. "Nitakutumia kingine bila malipo. Kisu chako nilikifua pamoja na vingine kumi na vinne. Nimeviondoa vyote dukani hadi nijue chuma changu kina kasoro gani."

Chini yake mtu mwingine alikuwa ameandika: "Asante kwa kututahadharisha. Nimefuta oda yangu."

Usiku huo aliyasoma tena maneno hayo mara tatu. Kesho yake shuleni hakusikia hata nusu ya alichosema mwalimu. Aliporudi alimkuta mama yake, Magnhild, akimenya viazi, akasimama karibu naye bila kuvua mabuti.

"Unanilowanishia sakafu," alisema mama. "Kuna nini?"

Tiril akaeleza yote, hata nyundo. Mama aliweka kisu cha viazi chini.

"Kwa hiyo kuna mtu huko ameondoa visu vyake dukani, anatafuta kosa ambalo halipo."

"Nitaandika samahani, mama. Kwa ujumbe."

"Uongo uliuandika. Ukweli utausema kwa mdomo. Mpigie."

"Mama, tafadhali!"

"Nitakaa hapa hapa nawe. Mpigie."

Torgeir alitokea kwenye kioo cha kishikwambi, mzee mwenye masizi shavuni, nyuma yake visu vimepangwa mezani. Tiril alisema haraka haraka: kwamba alikipiga kisu kwa nyundo, kwamba chuma hakikuwa na kosa, kwamba aliandika kwa hasira na kuficha.

Mzee aligeuka kuvitazama visu mezani. "Tangu asubuhi nimevijaribu kumi na kimoja," alisema. "Nilidhani macho yangu yamezeeka, siwezi tena kupima moto wa chuma kwa rangi yake."

Maneno hayo yalimuuma Tiril kuliko kugombezwa.

"Lakini kwa nini uligonga? Nionyeshe huo mti."

Tiril akainua vipande viwili vya kijiko. Mzee akasogea karibu.

"Umeutoa wapi?"

"Bandani. Nilichagua ulio bora kabisa. Umekauka miaka miwili!"

Torgeir akatazama, kisha akacheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, hizo ni kuni! Kwa jiko, ndizo bora kabisa. Kijiko huchongwa kwa mti mbichi, uliokatwa juzi. Hata mimi ningelilia na kuni hizo. Hawakukuambia kwenye hiyo video?"

Tiril alifungua video. Alikuwa akianzia dakika ya tano kila siku, pale maranda yalipoanza kuruka, kwa sababu mwanzoni fundi aliongea tu. Sasa akairudisha mwanzo. Dakika ya pili, mwenye ndevu nyekundu aliinua tawi linalotiririka maji na kusema, polepole na wazi: "Mti mbichi. Usiguse mkavu."

"Wiki tatu," alinong'ona Tiril. "Wiki tatu nzima!"

"Sasa, kisu kingine nikitume?" aliuliza Torgeir.

"Hapana. Hiki nilikiharibu mwenyewe."

"Basi tafuta jiwe la kunolea. Nitakuonyesha."

Kabla ya jiwe, Tiril alifuta maneno yake ya jana na kuandika mapya, na jina lake chini: kisu ni kizuri, yeye ndiye aliyekigonga kwa nyundo juu ya kuni kavu. Kisha akanoa saa nzima, mzee akimwelekeza, hadi ule mong'onyoko ukaisha. Jumatano yeye na mama walikwenda kando ya kijito, ambako upepo ulikuwa umeangusha mti wa gome jeupe, wakakata tawi nono. Alipovuta kisu mara ya kwanza, maranda yalijikunja marefu, yenye maji, yakamwangukia gotini. Hata Jostein aliyaokota, akayanyoosha kwa vidole.

Jumapili, baada ya kanisa, Jostein alipigilia msumari mpya na Gyda akaning'iniza kijiko mwishoni mwa safu. Mpini ulikuwa umepinda kidogo kushoto.

"Babu naye cha kwanza kilipinda," alisema Gyda, akionyesha kijiko cha dada yake Magnhild mwanzoni mwa safu.

Wakati wageni wakila uji mzito wa malai, mama alimvuta Tiril kando. "Ulipata kisu kizuri na mwalimu mzuri, vyote kwenye hicho kioo," alisema. "Lakini mwalimu hukumsikiliza tangu mwanzo, na kosa lako ukambebesha mwenye kisu. Mchagua jembe si mkulima. Kazi ikikukataa, jichunguze kwanza mwenyewe. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu, kama ulivyofanya."

Tiril akaitikia kwa kichwa. Jiko lilikuwa linafifia, naye akaenda kujaza sanduku. Juu ya kapu aliweka vile vijiko vitatu vilivyovunjika, akavitia motoni kimoja kimoja. Viliwaka mara moja, kwa moto mweupe usio na moshi hata kidogo.

"Kuni nzuri hizo," alisema mgeni mmoja kwa heshima.

"Nzuri sana," alisema Tiril, akafunga mlango wa jiko.