Kengele Iliyolia Kabla ya Wakati

Kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza uhalifu mzito kuliko wote uliowahi kutokea katika shule yetu ya bweni, uhalifu ambao vizazi vijavyo vitausimulia kwa kutetemeka: kengele ililia mapema.

Ililia saa nne na dakika ishirini badala ya saa tano kamili. Kidato cha kwanza walikuwa katikati ya mtihani wa hisabati. Msimamizi wao, mwalimu tuliyembandika jina la Kipeuo, ni mtumwa wa kengele. Ikilia, anakusanya karatasi hata paa likiwaka moto. Akakusanya. Mtihani ukafutwa.

Mshukiwa alikuwa mmoja tu: Fundi wa maabara ya kompyuta, aliyeiunda kengele yenyewe. Mchana huohuo shule nzima ilijua kwamba barua ya kumfukuza kazi iko mezani, inasubiri saini. Lakini Mwalimu Mkuu akaona kwanza ampigie simu mdogo wake wa kike, Inspekta wa kitengo cha makosa ya mtandao.

Inspekta alifika kesho yake asubuhi, kwa viatu visivyotoa sauti.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," alimwambia Fundi.

"Bibi yangu hapendi maelezo marefu, afande."

"Hata mimi."

Fundi akaeleza. Kompyuta ya maabara ina programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Sanduku la kengele lina nyingine, iliyoandikwa kwa lugha iitwayo C. Hazijuani lugha, ila kati yao kuna mlango uitwao soketi. Ya kwanza inabisha, ya pili inafungua. Ya kwanza inatuma neno GONGA. Ya pili inapiga kengele, inajibu TAYARI, ndipo zinaagana.

"Na kompyuta nyingine ya maabara ikibisha?"

Fundi akainamisha kichwa. "Inafunguliwa. Sikuweka neno la siri. Nani angetaka kuchezea kengele?"

"Katika shule ya bweni?" Inspekta alimtazama kwa huruma.

Akafungua kumbukumbu za sanduku. Kengele zote za muhula ziliishia vizuri: GONGA, TAYARI, kwaheri. Isipokuwa moja. Saa nne na dakika ishirini neno lilifika, kengele ikalia, sanduku likajibu, lakini mlangoni hapakuwa na mtu.

"Programu yako huwa inaondoka bila kusubiri jibu?"

"Haiwezi, afande. Nimeiamuru isubiri."

Wakaijaribu mara tano. Mara tano ikasubiri kama mgeni mwenye adabu.

"Basi aliyebisha ni mwingine," Inspekta alisema. "Maabarani palikuwa na nani saa hiyo?"

"Kidato cha tatu. Kumi na mmoja."

Mwalimu Mkuu aliposikia, alitazama saa. "Bodi ya shule inataka jina la mhalifu saa tisa, dada. Nisipokuwa na jingine, napeleka la Fundi."

"Weka kalamu chini, kaka. Nipe hao watoto."

Kumi na mmoja wakapangwa maabarani. Inspekta hakumhoji yeyote. Alisimama mbele, akapiga mwayo.

"Kesi nimeimaliza. Mhalifu ni mtu wa akili ndogo. Alinakili programu ya Fundi, akabonyeza kitufe. Hata kasuku angeweza."

"Hakunakili!" sauti ililipuka kutoka nyuma. "Iliandikwa upya, kwa Java! Mistari kumi na tisa!"

Sauti hiyo, nasikitika kutangaza, ilikuwa yangu.

Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele yangu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona kama Java itasikilizwa na C. Sikujua kuna mtihani, afande. Haki ya Mungu."

"Mbona hukusubiri jibu?"

"Ilipolia niliogopa. Nikafunga kila kitu."

"Hiyo ilikuwa jana asubuhi. Habari ya barua mliipata mchana. Tangu hapo ulikuwa unafanya nini?"

Nilitafuta uongo mzuri. Nami huwa sipungukiwi. Safari hii ghala lilikuwa tupu.

"Bwenini wote walikuwa wanamsifu aliyefanya," nikasema. "Wanamwita jemadari. Nilitaka kusikia kidogo zaidi."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Soketi nilikufundisha mimi, Jumamosi zangu za mapumziko. Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeuchomoa waya wa kengele, ukajaribu hadi uchoke."

Afadhali angenitandika.

Saa nane na nusu nilisimama mbele ya Mwalimu Mkuu, Inspekta kando yangu. Barua ilikuwa pale mezani, na kalamu juu yake.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mwalimu."

"Fundi alijua?"

"Hakujua chochote. Niliandika peke yangu, tena kwa ustadi ambao..."

Inspekta akakohoa.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Ni mimi tu."