Mkanda wa Bega la Kushoto

— Kavata, fungua. Najua uko ndani, nimesikia cherehani ikinyamaza.

— Fundi hayuko.

— Na huyu anayenijibu ni nani?

— Ni kivuli chake. Rudi Nairobi, Ndolo.

Ilikuwa siku ya soko pale Kikima, Mbooni, Desemba ya mwaka wa sabini na moja. Akina mama waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi walipunguza mwendo ili wasikie vizuri. Ndolo alisimama barazani na shati lake jeupe la ofisini, kofia mkononi. Ndani, Kavata alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo, gazeti la picha amelibana kifuani kama mtu aliyejikumbatisha kaa la moto.

— Nisamehe, — Ndolo akasema, sauti chini. — Kosa ni langu. Ningebaki pale mezani mpaka mwisho, wasingefanya vile.

Kavata akafumba macho. Basi amekiri mwenyewe, akawaza.

— Niambie tu kimekuuma nini zaidi, Kavata. Sema neno moja.

Fundi hamwonyeshi mwizi mahali aliposhona vibaya. Kavata alingoja hadi aliposikia viatu vikishuka ngazi, kimoja, kingine, halafu kelele za soko zikavimeza.

Sasa, msimlaumu kabla hamjajua ilivyokuwa.

Kavata hakuwa fundi kama wale wengine. Wengine walikuwa wakiletewa ukurasa uliochanwa gazetini, "Nishonee kama hii," nao wanashona kama hiyo. Jumapili kanisani unakuta marinda manne yanayofanana, wenyewe wanakwepana macho. Kavata alikuwa anarudisha ukurasa.

— Mimi sishoni karatasi, — alikuwa anasema. — Mimi nashona mtu. Hebu tembea hadi mlangoni urudi.

Unatembea, yeye anakutazama, tepe bado iko shingoni mwake. Mwenye hatua ndefu alimpa upana chini. Aliyezoea kubeba mtoto upande mmoja alimshonea kiuno kisichopanda. Ndivyo alivyojuana na Ndolo, kijana wa hapo hapo Mbooni aliyekuwa ameandikwa kazi na gazeti la picha huko Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa: kukata picha kwa mkasi, kuzibandika kwa gundi, kuamua nini kikae wapi. Alileta kitambaa cha shati, akaambiwa atembee.

— Bega lako la kulia limeanguka, — Kavata akamwambia.

— Ni ile meza. Nainama siku nzima.

— Nitaliinua nusu kidole. Hakuna atakayejua.

— Wewe utajua.

— Mimi ni fundi. Nalipwa kujua.

Ndolo alivaa shati hilo akajitazama, akaona kwamba kwa mara ya kwanza amesimama wima. Alirudi Jumamosi iliyofuata bila kitambaa chochote, na iliyofuata pia. Mwezi wa nane wazee wake wakapeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Kavata, na mama yake, Ndila, akawapokea. Kwetu, mbuzi hao wakishaingia zizini, msichana ana mwenyewe.

Mwezi huo huo Kavata alishona rinda ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kitambaa cha samawati iliyoiva, na juu yake mkanda wa nyuzi za katani alizozitia rangi mwenyewe kwa magome ya mti, nyekundu na nyeusi, akazisuka kama wanawake wanavyosuka kikapu cha kyondo. Mkanda ulianza bega la kushoto ukateremka hadi nyonga ya kulia.

— Mbona kushoto? — Ndolo aliuliza.

— Mama zetu hubeba kyondo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mimi nimeutoa huko, nikauleta mbele upitie kwa moyo.

Ndolo akampiga picha amelivaa, nje ya kanisa.

— Nitaiweka ukurasa wa rangi, na jina lako chini yake. Wajue kuna mtu Kikima anayewaza kwa kichwa chake.

Gazeti lilipofika, Kavata alilifungua akiwa amesimama. Rinda lilikuwepo. Kichwa cha mwenye rinda hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa shingoni, na pale juu pakawekwa tangazo la sabuni. Chini iliandikwa: "Mtindo mpya kutoka duka la Wakiuru, Nairobi."

Hayo peke yake angeyameza. Lakini jicho la fundi huenda kwa mshono kwanza, na pale kwenye picha mkanda ulianzia bega la kulia.

Akatazama tena. Kulia. Basi hili si rinda langu, akawaza. Ndolo amelipeleka wazo langu kwa mwanamke mwingine, naye huyo akalishona asijue hata upande wa moyo, akalivaa, akapigwa picha. Mwili huu ni wa Wakiuru.

Mama yake alichungulia begani.

— Lakini huyu si ni wewe? Tazama unavyolalia nyonga moja, kama mbuzi aliyechoka njiani.

— Mama, wewe hujui mshono.

— Mshono sijui. Lakini wewe nilikuzaa.

Kavata hakumsikia. Aliuchana ule ukurasa, akaupigilia misumari nyuma ya mlango wa duka, ili kila anapofunga jioni aone mapenzi yanavyofika mwisho.

Barua zilikuja. Ya kwanza ilikuja kabla ya Krismasi, nyingine baada ya mavuno, hivyo hivyo mpaka zikawa saba. Hakuzifungua, wala hakuwa na moyo wa kuzichoma. Alizitia kwenye mkebe wa vifungo, na kila akitafuta kifungo vidole vyake vilikuwa vinagusa karatasi.

Miaka sita ikapita. Alishona marinda ya arusi thelathini na moja, yote ya wengine. Alikunywa chai yake kwa kikombe kimoja cha bati, kwa sababu hakukuwa na sababu ya kununua cha pili. Mvua ikinyesha, soko likawa tupu, alikuwa akizungumza na cherehani: "Polepole, mama, hiyo ni hariri." Rinda la samawati lilitundikwa pembeni, limefunikwa shuka. Wanaume wawili waliuliza habari zake. Mama yake akawajibu jibu moja.

— Mbuzi wa Ndolo bado wako zizini kwangu.

— Si uwarudishe, mama? — Kavata alimwambia siku moja.

— Mwanaume aliyeacha mke huja kudai mbuzi wake. Huyu hajadai. Mimi sirudishi kitu kisichodaiwa.

Mwaka wa sabini na nane akaja Syokau, mwalimu mgeni pale shuleni, mcheshi, mdomo wake haukai. Alikuwa anaolewa mwezi wa nne, na akakataa katakata kujaribu rinda la arusi mbele ya kile kioo cha Kavata kinachotosha uso tu.

— Fundi, haki nitajiona vipande vipande? Leo pua, kesho goti?

Ndugu zake wakaleta kioo kirefu cha kabati, wakakiegemeza ukutani, kinatazamana na mlango. Kavata akafunga mlango ili bibi arusi avae. Akapiga magoti nyuma yake, pini mdomoni, akikunja pindo.

— Ee! Fundi! — Syokau akashtuka. — Kumbe ulishatoka gazetini na hujaniambia?

— Simama sawa.

— Huyo nyuma yangu, kwa kioo! Kichwa hana, lakini rinda si ndilo lile ulilofunika na shuka? Nililichungulia juzi, nisamehe.

— Silo. Hilo mkanda wake uko kulia.

— Kulia wapi? Hebu inua macho. Si huu, kushoto?

Kavata akainua macho. Mle ndani ya kioo, ule ukurasa wa nyuma ya mlango ulikuwa umegeuka, kama kila kitu hugeuka kiooni. Mkanda ulianzia bega la kushoto. Na kwenye mkono wa kushoto wa yule mwanamke asiye na kichwa, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na doa lenye umbo la jani. Miaka yote alidhani ni wino umemwagika kwenye mkono wa kulia wa mtu mwingine.

Akageuza mkono wake mwenyewe. Kovu la pasi ya makaa. Umbo la jani.

— Fundi? Umemeza pini?

Kavata alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko cha pini, taratibu, kana kwamba zingevunjika.

— Vua, mwalimu. Tutamaliza kesho.

— Nimesema vibaya?

— La. Umesema kile mama alisema, nikamwambia hajui mshono.

Alipobaki peke yake alimwaga mkebe wa vifungo mezani. Barua ya kwanza ilisema:

"Kavata, nimeacha kazi. Picha yako niliipindua mwenyewe, kushoto kukawa kulia, kabla ya kuibandika, kwa sababu uso wako ulikuwa unaangalia nje ya ukurasa, na mahali pa kuweka jina lako palikuwa upande ule mwingine. Niliipindua ili uangalie jina lako. Nilienda kula. Niliporudi lilikuwa limeletwa tangazo, mkubwa amekata kichwa, na jina amewapa wenye duka. Nikabishana naye hadi nikafukuzwa, nikasema nimeacha. Najua uliona nimekuacha bila uso. Nijibu hata kwa matusi."

Ya saba ilikuwa na mstari mmoja: "Niko Kibwezi, nachora mabango ya maduka. Ukitaka, piga simu duka la Mutunga."

Asubuhi alikuwa posta kabla haijafunguliwa. Karani akazungusha, akangoja, akampa mkono wa simu.

— Duka la Mutunga! — mtu alipiga kelele.

— Naomba Ndolo, mchoraji.

— Yuko juu ya ngazi. Nimwambie nani?

— Mwambie fundi wa Kikima.

Mkono wa simu ukagonga meza. Kisha, mbali na simu:

— We Ndolo! Shuka! Polepole bwana, usije ukavunjika mguu kabla ya kuoa!

Alisikia hatua, halafu pumzi.

— Kavata?

— Ulipindua picha.

— Niliandika hivyo.

— Nimesoma jana.

— Barua gani?

— Zote.

Waya ulilia kama upepo kwenye bati.

— Zote jana, — Ndolo alirudia. — Miaka sita, Kavata.

— Nilidhani ni mwili wa mwanamke mwingine. Niliangalia mshono, sikuangalia mtu.

— Na wewe ndiye ulinifundisha kuangalia mtu kwanza.

— Ndiyo. Mimi huyo huyo.

Kavata akashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

— Ulioa?

— Mtu ambaye mbuzi wake wako kwa watu ataoaje?

— Wamezaa, — Kavata akasema. — Mama amekataa wachinjwe.

Karani akainua kidole: muda umekwisha.

Alikuja Jumamosi. Hakubisha hodi, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na fundi amesimama barazani, amevaa samawati. Alimtazama akipanda ngazi. Nywele zimeingia mvi pembeni. Shati lile lile jeupe, limefuliwa hadi likawa jepesi, na sasa linavuta upande mmoja.

— Bega limehama, — Kavata akasema. — Sasa ni la kushoto limeanguka.

— Ni ngazi. Nashikilia kopo la rangi siku nzima.

— Vua nilirekebishe.

Kavata akamimina chai, akakumbuka kikombe ni kimoja. Akampa yeye, mwenyewe akanywa kwa kifuniko cha thamosi. Ndolo aliona, akakinywa kile kikombe polepole sana, kama mtu anayesoma barua.

Kisha akaenda nyuma ya mlango, akaung'oa ule ukurasa, msumari kwa msumari, akaukunja.

— Una ubao? — akauliza. — Duka lako halina bango.

— Halijawahi kuwa nalo.

Kavata akamletea ubao; Ndolo akauweka juu ya meza ya kukatia, akafungua makopo ya rangi aliyokuja nayo. Mle ndani cherehani ilianza kulia, ikirekebisha bega. Baada ya kitambo ikanyamaza, Kavata akaja kusimama karibu naye.

— Mkanda usiukosee tena, — akamwambia.

— Mkanda ni kesho, — Ndolo akasema, bila kuinua brashi. — Leo nachora kichwa.