Dirisha Ndani ya Jicho la Pirumi

"Hili dirisha la mviringo umelitoa wapi?" Chinatsu aliuliza.

Ryuhei alikuwa amechutama mlangoni mwa karakana ya uchoraji akivua viatu. Hakuinua kichwa.

"Nimelibuni."

"Wewe hujawahi kubuni dirisha."

"Kwa hiyo sasa unalionea wivu dirisha?" Alicheka, akapita kwenda kunawa mikono.

Chinatsu aliutazama tena mchoro wa penseli. Alikuwa Pirumi yuleyule, msichana mwenye nywele za waridi na macho makubwa kama ya katuni, aliyemfanya Ryuhei Tsukuda ajulikane Japani nzima. Wachoraji wengine wakitaka jicho la namna hiyo ling'ae huweka kidoa cheupe, basi. Ryuhei huweka dirisha la chumba alichoketi mwanamke anayemtumia kama kielelezo cha Pirumi, kama linavyoakisiwa kwenye mboni zake.

Mwanamke huyo siku zote alikuwa Chinatsu. Dirisha lilikuwa la jikoni kwao Kawaguchi: vioo vinne, cha chini kushoto kimepasuka na kubandikwa utepe. Watu walinunua vikombe, soksi na mikoba ya Pirumi yenye jiko hilo bila kujua.

Dirisha la safari hii lilikuwa la mviringo, na katikati yake ilining'inia kengele inayolizwa na upepo, ya kioo, yenye mkia wa karatasi.

Aliamua kumwamini. Alikuwa na sababu ya kuamini: baada ya onyesho la picha lililokuwa linakaribia wangekwenda ofisi ya kata kuandikisha ndoa, na mwaka mpya angepelekwa Niigata kwa mama mkwe. Ahadi hiyo ilishaahirishwa kwa ajili ya onyesho la Paris, kisha kwa ajili ya msiba wa baba yake Ryuhei. Safari hii Ryuhei mwenyewe ndiye aliyetaja siku.

Wiki hiyohiyo Chinatsu alitumwa Meguro kupeleka sampuli za rangi nyumbani kwa Bwana Kuramochi, mwenye jumba la sanaa la Ginza ambalo lingefanya onyesho hilo. Mkewe, Reika, ndiye aliyekuwa akija karakana mara kwa mara kwa kile alichokiita vikao. Chinatsu alibonyeza kengele ya geti, na wakati akisubiri akatazama juu. Ghorofani palikuwa na dirisha la mviringo. Ndani yake kengele ya kioo ilikuwa ikizunguka taratibu.

Reika alifungua, akapokea sampuli kwa mikono miwili, akamshukuru, akamsifia viatu.

Chinatsu alirudi karakana, akakaa mbele ya turubai. Pale Ryuhei huchora kwenye karatasi tu. Kupaka rangi ni kazi ya wasaidizi, na macho ni ya Chinatsu peke yake. Kanuni ni moja: usiongeze, usipunguze. Msaidizi mmoja alishafukuzwa kwa kunyoosha mstari uliopinda, akaambiwa hata mkono ukiteleza, kuteleza huko ni mali ya mchoro.

Alimwandikia Ryuhei ujumbe.

"Mwanga wa jicho nautilia shaka. Niubadilishe uwe dirisha letu?"

Jibu lilikuja upesi.

"Usiguse. Paka kama nilivyochora."

Akapaka. Hakuwahi kupaka jicho kwa uangalifu kama ule. Mkia wa kengele aliutia kwa brashi yenye unywele mmoja.

Siku ya ufunguzi, mchana, ukumbi wa Ginza ulijaa. Picha ilifunika ukuta mzima. Kila jicho lilikuwa kubwa kama meza ya kulia. Bwana Kuramochi, mzee wa sauti ya chini, alisogea karibu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisimama pale mpaka waliomzunguka wakaacha kuzungumza.

"Kengele hii nilimnunulia mke wangu kwenye fungate," alisema. "Iko chumbani kwetu."

Ryuhei aliinama kidogo. Alisema ni kitu alichokibuni, kwamba kengele za hivyo zimejaa kila mahali.

"Mwalimu Tsukuda," mzee akasema, kwa cheo wanachopewa wasanii wakubwa, "anayeliona dirisha hivi lazima awe ameketi kitandani."

Reika aliweka glasi yake mezani. Hakuna aliyemtazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee akageuka. "Bi Chinatsu, macho unapaka wewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mwalimu wako hubuni madirisha?"

Ryuhei alimtazama. Chinatsu aliufahamu mtazamo huo. Ndio aliotazamwa nao jikoni kila alipoombwa asitikisike.

"Hapana," alisema. "Hajawahi."

Bwana Kuramochi aliwaomba radhi wageni, akainama sana, akaagiza taa zizimwe.

Nje, Ryuhei alimfuata Chinatsu hadi kwenye kona.

"Ungeuziba ule mviringo tu. Kidoa cheupe, basi. Umeniua."

"Nilikuuliza."

"Uliuliza habari ya mwanga."

"Niliuliza kama niliweke dirisha letu. Ukasema nisiguse."

Ryuhei alitazama saa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepunguza bei, kwamba ofisi ya kata bado ipo wazi, wangeweza kwenda leo hii.

"Mama yako umemwambia nani anakuja mwaka mpya?"

Ryuhei hakuwa amemwambia mama yake lolote.

Chinatsu alichomoa ufunguo wa karakana, akamwekea kiganjani, akaenda kituoni.

Ndani ya treni alisimama nyuma ya msichana wa shule. Kwenye mkoba wa msichana alining'inia Pirumi mdogo wa plastiki, wa zamani, rangi imeanza kubanduka. Macho yalikuwa mazima. Vioo vinne, na cha chini kushoto hata utepe ulikuwepo.

Aliliangalia jiko lake mpaka msichana aliposhuka nalo kituo cha Akabane.